Mtu wa Sita kwenye Kadi

Nyumbani kwa Honorata, Katonga kando ya ziwa, vitu vya mwanawe Bukuru vilinunuliwa viwili viwili. Alikuwa na mashati mawili ya mshono mmoja, la bluu na la kijani, jozi mbili za kandambili, na wakati wa kula sahani mbili ziliwekwa mbele yake: moja yake, moja ya Butoyi, pacha wake. Butoyi alikuwa ametimiza miaka saba ardhini. Homa ilimchukua wakiwa na umri wa miaka miwili, kati ya asubuhi na adhuhuri, baba yao akiwa bado anahangaika kutafuta bodaboda. Lakini neno lenyewe, kwamba Butoyi amekufa, halikuwahi kutamkwa na mtu yeyote ndani ya nyumba ile.

Lilikuwa agizo la mama mkwe wa Honorata, Bibi Rozalia, aliyeteremka kutoka Kalinzi siku ile ile na mkongojo wake, akakaa nao moja kwa moja. Alimkuta Honorata amefungua kinywa kupiga ukelele, akamziba kwa kiganja. Pacha haliliwi, alisema. Kwa Waha wa ukoo wake, pacha akitangulia hasemwi kuwa amekufa, husemwa ametoka, wala hatolewi kwenye hesabu ya nyumba. Hao walikuja duniani wameshikana mikono. Ukimfuta mmoja, unamwita wa pili amfuate. Bibi mwenyewe aliwahi kumwona mtu aliyekaidi, akazika wawili ndani ya mwezi mmoja.

Basi Honorata akameza kilio chake kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki, na mwiba ule ukabaki kooni. Tangu hapo akiulizwa ana watoto wangapi, alijibu wanne: Catherine, Nehemia, Bukuru na Butoyi. Likiitwa jina la Butoyi, aliyeitika ni Bukuru. Padri alimwambia mambo hayo yamepitwa na wakati. Honorata alitikisa kichwa kukubali, na jioni yake akaweka sahani mbili. Padri hakuwa na mtoto wa kupoteza.

Honorata alikuwa mwoga na hakuficha. Kazi yake ilikuwa kuanika dagaa kwenye chanja pale ufukweni, na wenzake walimtania kwamba Honorata huanua dagaa wingu likiwa bado Kongo. Alicheka pamoja nao huku mikono yake ikikusanya. Mara nyingi mvua haikuvuka ziwa. Lakini siku ilipovuka, dagaa wake hawakulowa, na waliokuwa wakicheka walikimbizana na maturubai.

Kilichomtisha kuliko vyote ni ugonjwa kuingia nyumbani wakati mfuko hauna kitu. Mdogo wake, Leonia, alifia kitandani kwake kwa kutokwa damu baada ya kujifungua, kwa sababu mumewe alisema wangoje kuche, fedha ya hospitali haijatimia. Kulipokucha hapakuwa na wa kupelekwa. Leonia aliacha kichanga cha kike, Yunisi, na yule mume akavuka kwenda Kalemie kutafuta maisha, asirudi. Honorata akamchukua mtoto, akamnywesha maziwa kwa kijiko. Mtoto alipofika mwaka mmoja vidole vyake vilianza kuvimba na macho kuwa ya manjano, na hospitalini wakasema ni selimundu, ugonjwa wa damu ambao hauponi, hutunzwa tu. Aliambiwa asikose vidonge vyake, anywe maji mengi, asipigwe na baridi, na akichoka ghafla akimbizwe hospitali. Yote hayo Honorata aliyashika kama sala. Na kwa kuwa mtoto wa chini ya miaka mitano hakutozwa, aliweza.

Ndiyo maana bima mpya ya kaya ilipotangazwa, mwezi wa Februari, yeye hakuhitaji kubembelezwa. Mkutano ulifanyika ufukweni, kati ya chanja na mitumbwi. Walielezwa kwamba sheria sasa inataka kila mtu awe na bima, kwamba kaya italipa mara moja kwa mwaka na kutibiwa mwaka mzima, na kwamba kaya kwa hesabu ya bima ni watu sita: baba, mama na watoto wanne. Hapo ndipo kelele zilipoanza. Mama mmoja mwenye watoto tisa aliuliza kama anaweza kuwaandikisha kwa zamu, wanne mwaka huu, wengine mwakani, na yule wa tisa ajitunze asiumwe. Watu walicheka mpaka mtendaji wa mtaa, Winfrida, mwanamke mnene mpole aliyetoka Kasulu, akacheka naye. Honorata hakucheka. Alikuwa akihesabu kwa vidole ndani ya khanga. Mumewe Gervasi, yeye, Catherine, Nehemia, Bukuru, Butoyi. Sita.

Na Yunisi? Yunisi alikuwa bado ana miaka minne, anatibiwa bure. Ataingizwa baadaye, alijiambia. Mungu ataonyesha njia.

Siku mbili baadaye kijana wa kuandikisha akapiga hodi. Aliitwa Adolf, mtoto wa mjini, mwenye miwani na kishikwambi kilichopasuka kona, na malipo yake yalifuata idadi ya kaya alizoandika. Alikuwa na haraka. Aliomba vyeti vya kuzaliwa. Honorata akampa vya wakubwa, na kwa mapacha akampa kadi mbili za kliniki, zote mbili amezitunza kwenye mfuko mmoja wa plastiki. Adolf aliziangalia juu juu, akasema zinatosha, vyeti vitaletwa. Akaanza kupiga picha. Catherine akakaa kwenye kigoda, akapigwa. Nehemia akapigwa. Bukuru, katika shati lake la bluu, akapigwa, akarudi nyuma ya nyumba kucheza.

"Butoyi," Adolf akaita, bila kuinua macho.

Hakuna aliyemwambia Bukuru afanye alichofanya. Alisikia jina, na maisha yake yote jina lile likiitwa alikuwa akiitika yeye. Aliingia ndani, akavua shati la bluu, akavaa la kijani ambalo ndilo la Butoyi, akatoka kwa mlango wa mbele na kukaa kwenye kigoda kwa adabu.

Adolf alimtazama, akacheka. Alisema hawa wamefanana kama kurwa na doto kweli, mtu asiyewajua angedhani ni mmoja. Akabonyeza.

Honorata alikuwa amefungua kinywa. Aligeuka, akakutana na macho ya Bibi Rozalia, aliyekuwa ameketi barazani akichambua maharage. Bibi aliacha kuchambua. Honorata akafunga kinywa, na fedha ya dagaa wa wiki tatu ikalipwa, na kadi ikaja na majina sita. Alijifariji kwamba yeye hajadanganya. Hakutamka uongo wowote. Lakini tangu siku ile kila pikipiki ya ofisi ilipopita barabarani, aliacha alichoshika mpaka ipite.

Katikati ya Mei ziwa likafungwa kwa miezi mitatu, samaki wazaliane. Chanja zilibaki tupu, na wanawake wakatawanyika kutafuta vibarua. Honorata alikwenda kukamua mawese kwa watu. Gervasi aliendelea kubeba mizigo bandarini Kibirizi, kwenye mashua za saruji na vinywaji, lakini kazi ilikuwa chache na wabebaji wengi. Na ni katika mwezi huo huo Yunisi alitimiza miaka mitano. Honorata hakupika chochote cha kusherehekea. Kwake ilikuwa kama mtoto amevuka mpaka bila hati.

Wiki iliyofuata gari la matangazo lilipita na kipaza sauti. Bima ilikuwa inafanya uhakiki. Kila aliyeandikishwa ataonwa kwa sura yake na kutoa alama za vidole, na atakayebainika ametoa taarifa za uongo atachukuliwa hatua za kisheria. Lilipita mara tatu, kwenda na kurudi, hata kuku wakazoea.

Hapo ndipo Bukuru alipobadilika.

Kwanza aliacha kula. Alimega matonge mawili ya ugali, akasukuma sahani zote mbili. Kisha akakataa shati la kijani; alisema linambana, na halikumbana. Likiitwa jina la Butoyi, hakuitika. Akawa anaondoka peke yake, na Honorata akimfuata alimkuta ameketi nyuma ya mitumbwi iliyopinduliwa, anatazama maji. Alipomuuliza anatazama nini, alijibu hatazami kitu.

Mtoto wa miaka tisa haachi kula bure. Honorata alimgusa paji la uso: hana homa. Alimtazama ulimi, macho, mkojo. Hakuna kitu. Mtoto hakuwa mgonjwa, alikuwa akiondoka. Alikuwa akiitwa, na mwitaji alikuwa akimwita kutoka majini, au kutoka kule kilimani walikomlaza mwenzake.

Bibi Rozalia naye aliliona. Asubuhi moja, baada ya kumwitikia Honorata shikamoo yake, alimvuta mkono mpaka jikoni.

"Mkamwana, umemtoa mahali?"

"Sijamtoa, mama."

"Usinifiche. Umemtoa kwa padri? Kwa hao wa hospitali?"

"Yumo kwenye hesabu. Hata kwenye kadi ya serikali yumo."

Bibi alimwachia mkono polepole. Alisema basi asimguse, amwache hapo hapo alipo.

Yunisi aliugua mwishoni mwa Juni, wakati upepo wa kusini unapolichafua ziwa na asubuhi zina baridi ya kuuma. Alianza kulia miguu. Kufikia saa nne alikuwa hawezi kusimama, viganja vyake vimekuwa vyeupe kama unga wa mhogo, na anapumua kama mtu aliyepanda mlima. Honorata alimfunga mgongoni, akachukua bodaboda mpaka hospitali. Daktari alimtazama mara moja tu, akasema damu imeshuka, anaongezewa leo hii.

Hawakumwacha mtoto bila kumhudumia, hilo Honorata aliwashukuru. Lakini dirishani, binti wa mapokezi alichukua kadi, akaitazama kwenye kompyuta, akaisoma tena.

"Mama, huyu Yunisi hayumo."

"Ni wa nyumbani kwangu. Ni mtoto wa marehemu mdogo wangu."

"Sikatai. Lakini nafasi sita zimejaa."

Gervasi alikuja kutoka Kibirizi na vumbi la saruji kwenye nyusi. Alitoa alichokuwa nacho na alichokopa kwa wabebaji wenzake, wakaambiwa kinatosha kwa damu na siku mbili za kitanda, gharama nyingine wakaombe msaada ustawi wa jamii. Mwanamume yule, ambaye Honorata alikuwa hajawahi kumwona akikaa sakafuni mbele za watu, alikaa sakafuni pale kwenye korido, akaegemea ukuta. Alisema taratibu kwamba safari hii wameweza. Ya pili hawataweza. Na daktari ameshasema kuna kliniki ya kila mwezi, na ya pili lazima itakuja.

Muuguzi aliyekuwa akifuatilia dripu aliwaonea huruma. Aliwaeleza kwamba kanuni inaruhusu kubadilisha jina moja kwenye kadi, waende ofisi ya mtaa tu. Akauliza, kama mtu anayeuliza jambo dogo, kama hakuna kwao aliyehama au aliyefariki.

Gervasi alimtazama mkewe. Honorata alitazama chupa ya damu. Tone lilianguka, likafuata jingine. Muuguzi akadhani hawakusikia.

Usiku kucha Honorata aliwaza akiwa chini ya kitanda cha mtoto. Akimwacha Butoyi kwenye kadi, Yunisi ataondoka kama mama yake alivyoondoka, wakisubiri fedha itimie. Akimtoa, Bukuru atamfuata mwenzake, na dalili zilikuwa zimeshaanza hata kabla hajatolewa. Na akiwaambia wenye bima kwamba kwenye kadi kuna mtoto asiyekuwepo, watamfunga, na hapo watoto wote watabaki na bibi kizee na baba anayelala Kibirizi. Aligeuza mambo hayo matatu kama dagaa kwenye chanja, upande huu na upande huu, na kila upande ulikuwa mbichi.

Asubuhi alimwacha Catherine na mgonjwa, akashuka mpaka ofisi ya mtaa. Mtendaji alikuwa na wageni ndani. Barazani alikuwepo Adolf na kishikwambi chake, anakula mhogo wa kuchoma. Alimwamkia vizuri, akampisha kiti. Na Honorata, kwa kuwa kijana alikuwa na sura ya mtoto wa mtu, alimweleza: si kwa neno lile, alizunguka, alisema Yunisi amelazwa na hayumo kwenye kadi, na kwamba mmoja wa mapacha siku ile hakuwepo, na siku nyingi hayupo.

Adolf alielewa haraka kuliko alivyotarajia. Mhogo ulimbakia mkononi. Alitazama mlango wa mtendaji, akainama karibu.

"Mama, ukilisema hili, mimi ndiyo basi. Niliandika watoto bila vyeti. Na si wa kwenu tu."

Alifuta vidole kwenye suruali, akafungua kishikwambi.

"Tusihangaike. Nabadilisha picha, umri na jinsia tu, jina nalibakiza. Butoyi hata mwanamke anaitwa. Kuanzia leo huyo binti hospitalini ni Butoyi. Nani atajua?"

Alisema kwa sauti ya upole, na Honorata aliona jinsi kila kitu kingetulia. Butoyi asingetolewa kwenye hesabu. Yunisi angepata damu na vidonge. Bibi asingekuwa na neno. Kijana asingefukuzwa, yeye mwenyewe asingefungwa. Ilikuwa kama mtu amemfungulia mlango mahali alipodhani ni ukuta.

Kisha, akilini, akamwona muuguzi amesimama mlangoni mwa wodi na faili, anaita Butoyi. Na Yunisi, kwenye kile kitanda, na ile midomo yake myeupe, anaitika.

Jina la mtu aliyelala kilimani umvike mtoto ambaye kifo kinamnusa kila mwezi. Huko si kumficha, ni kumwelekeza njia.

"Hapana, mwanangu," alimwambia. "Jina hilo lina mwenyewe."

Adolf alimwita kwa kunong'ona, mama, mama, subiri kwanza. Honorata alikuwa ameshainuka. Alishika fremu ya mlango kabla ya kuingia.

Winfrida alimalizana na wageni wake, akamkaribisha. Aliuliza habari za nyumbani, habari za ziwa kufungwa. Honorata alijibu nzuri, nzuri. Akasema ana jina la kubadilisha kwenye kadi. Winfrida akatoa fomu, akaiweka mezani, akashika kalamu na kuuliza ni nani anatoka na kwa sababu gani.

Hapo tena ule mwiba wa miaka saba. Honorata alijaribu kupitisha neno pembeni yake.

"Anayetoka ni Butoyi. Yeye... yeye ametoka."

"Amehama?"

"Hapana. Ametoka."

Winfrida aliinua macho. Alimtazama muda mrefu, kisha kalamu akailaza juu ya karatasi. Alikuwa Muha wa Kasulu. Alikuwa amekulia kwenye nyumba za namna hiyo. Aliuliza polepole kama huyu Butoyi ana Bukuru, maana Waha huwapa mapacha majina hayo, wa kwanza na wa pili. Honorata akatikisa kichwa kukubali. Winfrida akashusha pumzi, akasema hata kwao, bibi zake, ilikuwa hivyo hivyo. Lakini akaigeuza fomu ili Honorata aione. Palikuwa na visanduku viwili: aliyehama, aliyefariki. Cha aliyetoka hakikuwepo.

"Siwezi kuandika kwa niaba yako, Mama Catherine. Useme mwenyewe."

Nje pikipiki ilipita. Jogoo aliwika saa isiyo ya kuwika. Honorata alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, kama mtu aliye kwenye mtumbwi unaoyumba.

"Mtoto wangu Butoyi alifariki," alisema. "Ana miaka saba tangu afariki."

Akatega sikio. Alikuwa akingojea ukelele kutoka upande wa nyumbani kwake.

Ukelele haukuja. Kilichokuja ni maswali, na Winfrida hakuyapunguza. Aliuliza kama kifo kiliwahi kuripotiwa popote. Aliuliza nani alikaa kwenye picha. Alimwita Adolf ndani, na Adolf aliingia bila miwani, macho mekundu, akaambiwa aandike maelezo kwa mkono wake kuhusu kaya zote alizoandika bila vyeti. Kwa Honorata alisema itabidi apate hati ya kifo, na kwamba yeye kama mtendaji lazima apeleke taarifa hii juu. Huko juu hajui watasemaje. Huenda wakaona ni mzazi aliyekuja mwenyewe. Huenda wakamwita. Hakumwahidi kitu. Lakini aliandika barua, akagonga muhuri, na kwenye nafasi ya sita akaandika jina la Yunisi, akasema aipeleke hospitali leo leo wakati mabadiliko yanashughulikiwa.

Honorata aliikunja barua, akaitia kifuani. Njia ya hospitali ilikuwa kulia. Alikwenda kushoto. Alikwenda kwanza kwa hatua za mtu mzima, kisha akakusanya khanga na kukimbia.

Nyumbani Bukuru hakuwepo. Bibi Rozalia alisema ameondoka tangu asubuhi, hakunywa hata uji. Honorata hakusimama kueleza. Alikimbia mpaka ufukweni, akapita kati ya chanja tupu, akazunguka mitumbwi iliyopinduliwa. Hapakuwa na mtu. Ziwa lilikuwa limechafuka, mawimbi yanavunjikia mawe. Na pale kwenye mawe, ndani ya maji ya magotini, akaona kitu cha kijani kinapanda na kushuka.

Aliingia na nguo zake. Lilikuwa shati, tupu, limekandamizwa na jiwe kubwa kwenye mkono mmoja ili lizame. Alilivuta. Alitaka kuita jina na hakujua aite lipi. Alikuwa ameshalitamka neno, na hili hapa jibu lake. Akakaa chini ndani ya maji kama mtoto mchanga kwenye beseni.

"Mama, liache hilo."

Bukuru alikuwa amesimama nyuma yake, juu ya mchanga, kifua wazi, anatetemeka. Mzima. Honorata alitoka majini kwa magoti, akamshika mikono, mabega, masikio, kama mtu anayekagua alichoibiwa na kurudishiwa. Mtoto alianza kulia kabla hajaulizwa.

Yote yalimtoka kwa mkupuo. Alisema amelisikia gari la kipaza sauti. Alisema mwalimu naye amesema watakuja na mashine ya vidole, na vidole vya mtu mmoja haviwezi kuwa vya watu wawili. Siku ile ya picha alikaa mara mbili. Watamkamata, na wakimkamata watamkamata na baba. Kila pikipiki ilipopita alikuja kujificha hapa. Leo ameona afadhali shati lizame, wakija wasilione. Alikuwa na miaka tisa na alikuwa amebeba jambo hilo peke yake tangu mwezi wa tano, ndiyo maana ugali ulikuwa haupiti.

Honorata alimsikiliza, na ndani yake hofu moja ikatoka taratibu na kumwachia nafasi ya kuona aibu. Wiki zote zile alimtazama mtoto akasoma wito wa kaburini, kumbe mtoto alikuwa na woga tu, woga wa kawaida, kama wa mama yake. Alikamua lile shati, akalitundika begani.

"Butoyi alifariki," alimwambia. Mara ya pili neno halikuwa jepesi. "Nimekwenda kusema mimi. Wewe ulikaa kwa sababu uliitwa. Kosa ni langu, na nimelisema."

Bukuru alifuta kamasi kwa kiganja. Alisema anajua kwamba alifariki. Anajua siku nyingi. Alikuwa akiitika kwa sababu bibi anafurahi.

Nyumbani Bibi Rozalia aliona shati lililolowa, akaona nyuso zao, akaelewa. Honorata alimweleza kila kitu akiwa amepiga magoti: hospitali, kijana, fomu, neno lenyewe. Alingoja laana. Bibi aliyaacha maharage jikoni mpaka yakaungua chini. Mwishowe aliuliza alilisemea wapi. Ofisini, Honorata akajibu. Bibi akatafakari. Akasema kwa sauti kavu kwamba basi ni karatasi ya serikali iliyosema. Kwenye jiko lake yeye hakuna karatasi. Akainuka kwa mkongojo, akapakua. Akaweka sahani mbili mbele ya Bukuru, kama siku zote.

Bukuru alikula. Alikula ugali wote wa sahani ya kwanza, akaramba mawese kwenye vidole. Kisha akaitazama ya pili, akaisogeza kwa bibi yake. Aliuliza kama hii anaweza kupelekewa Yunisi, maana chakula cha hospitali hakina mawese.

Nehemia aliacha kutafuna. Bibi Rozalia aliitazama ile sahani kama mtu anayetazama mtumbwi ulio mbali asiojua unakuja au unakwenda. Akachukua sahani tupu, akaifunika ile yenye chakula, akazifunga zote mbili ndani ya kitambaa na kukaza fundo.

"Kisipoe," alimwambia Honorata.

Honorata alibeba, barua iliyolowa ukingo kifuani, kifurushi cha moto mkononi. Aliwaza hao wa juu ambao hajui watasemaje, na Yunisi kama bado anapumua vizuri. Alipofika barabarani aligeuka kumtazama Bukuru, aliyekuwa akianika shati la kijani kwenye kamba. Akatembea. Akageuka tena. Mtoto alikuwa bado yupo. Kabla ya kona akageuka mara ya tatu, na Bukuru, aliyekwisha kumzoea mama yake, alikuwa amesimama akimngojea ageuke, mkono ameuinua juu.